Damu ya Puani na Chupa ya Kupuliza: Somo kwa Vikundi



Somo la mwezi huu limetokana na ubishi. Kikundi kimoja cha kujisaidia upande wa Lukenya kilikuwa kimechanga pesa za kununua sanduku la huduma ya kwanza. Bendeji, pamba, mkasi, sabuni, glavu, vyote viliandikwa bila maneno mengi. Maneno yalianza mwanachama mmoja alipotaka waongeze chupa sita za ile dawa ya kupuliza puani, ile ambayo watu hununua kwa kemisti wakati wa mafua. Alisema alimwona kijana wa machimbo akitokwa na damu puani, akapuliziwa dawa hiyo, na damu ikakatika. Mama mwingine akasimama akasema hapana, hiyo ni dawa ya mafua na inaharibu pua za watu. Mkutano ukavunjika bila kuamua, na ofisi yetu ikaombwa iandike.

Basi tuseme mapema. Wote wawili walikuwa na ukweli. Dawa hiyo hupunguza damu ya puani, na madaktari huitumia kwa kazi hiyo. Lakini inakuja baada ya vidole, si badala ya vidole. Hutumika kwa muda mfupi. Na wako watu ambao jirani hana ruhusa ya kuwapulizia. Tutaenda pole pole.

KWA NINI PUA INATOA DAMU

Sisi tunaokaa huku hatuhitaji kufundishwa vumbi ni nini. Mlima uko nyuma yetu, tambarare ya Kapiti iko mbele, na upepo haukuti kitu cha kuuzuia. Masika ikiisha mpaka mvua ya Oktoba, hewa ni kavu, na mwezi wa Julai ni kavu na baridi pamoja. Januari na Februari ukavu unarudi na jua kali. Ongeza malori ya barabara ya Mombasa, machimbo ya mawe, viwanda vya saruji vya Athi River, na moshi wa jiko katika jikoni isiyo na dirisha. Pua ndiyo mlango ambao vumbi lote hilo linapita.

Sasa, pua ina ukuta katikati unaotenganisha matundu mawili. Sehemu ya mbele ya ukuta huo, mahali kidole cha mtoto kinafika bila shida, ngozi yake ni laini kama ile ya ndani ya shavu, na chini yake mishipa midogo ya damu imekutana na kusongamana kama mizizi ya nyasi. Mpaka leo madaktari wanaiita sehemu hiyo kwa jina la Mjerumani Wilhelm Kiesselbach, daktari wa karne ya 19. Hewa ikiwa kavu, ngozi hiyo inapasuka na kufanya ukoko. Mtu akikwangua ukoko kwa ukucha, au akipenga kwa nguvu, au akipiga chafya sana, damu inatoka. Damu nyingi ya puani tunayoiona nyumbani hutoka hapo mbele, na hiyo ni habari njema, kwa sababu hapo mbele ndipo vidole vinaweza kubana.

Kuna damu nyingine inayotoka nyuma ndani, karibu na koo. Hiyo ni ya watu wachache, zaidi wazee, na vidole haviifikii. Tutairudia.

VIDOLE KWANZA

Mgonjwa aketi wima, asilale. Ainamishe kichwa mbele kidogo kama mtu anayesoma kitabu kilicho magotini. Abane sehemu laini ya pua, chini ya mfupa, kwa kidole gumba na kidole cha pili, matundu yote mawili hata kama damu inatoka moja. Si kule juu mahali miwani inapokaa. Huko ni mfupa, ukibana mpaka kesho hakuna mshipa unaozibika. Apumue kwa mdomo. Damu ikiingia mdomoni aiteme kwenye beseni, asimeze.

Halafu abane dakika 10 mpaka 15 bila kuachilia. Hapa ndipo watu wengi hushindwa. Dakika 10 ni ndefu ukiwa na damu mkononi na watoto wanalia. Mtu anabana dakika moja, anaachilia ili kuchungulia, anaona damu, anabana tena, anachungulia tena, mwishowe anasema kubana hakufai. Kila akichungulia anang'oa utando ambao ulikuwa umeanza kufunika mshipa. Tazameni saa. Kama hakuna saa ya mkono, simu ya mtu yeyote ina saa.

Wengi wetu tulifundishwa tukiwa watoto kuinua kichwa na kutazama mawinguni. Wazee hawakuwa na nia mbaya, maana ukifanya hivyo huoni damu tena ikidondoka. Lakini haijakoma, imebadilisha njia tu. Inashuka kooni, inaingia tumboni, na baadaye mgonjwa anatapika damu nyeusi na nyumba nzima inashikwa na hofu. Ikiingia njia ya hewa ni mbaya zaidi. Kumwagia mtu maji baridi utosini nako hakumwui, ila kunashughulisha mikono ambayo ingekuwa inabana pua.

Msidhani hii ni dawa ya maskini kwa kukosa nyingine. Mwaka 2020 chama cha madaktari wa masikio, pua na koo cha Marekani kilitoa mwongozo kuhusu damu ya puani. Jambo walilosema lifanywe kwanza kwa anayetokwa na damu ni kubana sehemu ya chini ya pua kwa nguvu, bila kuachilia, dakika 5 au zaidi. Hospitali zenye mashine za kila aina zinaanza na vidole viwili.

Neno kwa anayesaidia: kama mgonjwa anaweza, abane pua yake mwenyewe. Kama hawezi, vaa glavu, au funika mkono kwa mfuko safi wa plastiki. Damu iliyomwagika ifutwe kwa maji yenye jiki, na nguo zilowekwe mbali na za wengine. Hatumshuku mtu yeyote ugonjwa. Ndivyo tunavyofanya na damu ya kila mtu.

CHUPA INAFANYA NINI

Dawa tunazozungumzia ni mbili hasa: oksimetazolini na zailometazolini. Kwenye pakiti mtaona zimeandikwa kwa Kizungu, oxymetazoline na xylometazoline. Zote mbili zinafanya mishipa ya damu ya puani isinyae. Mwenye mafua anapata kupumua kwa sababu uvimbe wa ndani umepungua. Anayetokwa na damu anapata nafuu kwa sababu mshipa uliokatika umekuwa mwembamba, na damu inayopita ni kidogo.

Fikiria mpira wa kumwagilia sukuma wiki ambao umetoboka. Ukiukanyaga karibu na bomba, maji yanapungua, lakini tundu bado liko. Dawa ndiyo mguu unaokanyaga. Wakati maji yamepungua ndipo mtu anaziba tundu, na hapa kinachoziba ni damu kuganda, nayo inaganda vizuri ikiwa pua imebanwa. Ndiyo sababu anayepuliza halafu akasimama kuendelea na kazi zake huona damu ikirudi.

Basi kwa mtu mzima ambaye hana shida nitakazotaja hapo chini, mpango ni huu. Amebana dakika 10 au 15 za kwanza, ameachilia, damu bado inatoka. Apenge pole pole mara moja ili mabonge yatoke. Damu ikiongezeka kidogo hapo asishtuke. Aingize ncha ya chupa mlangoni mwa tundu linalotoa damu, asiisukume mpaka iguse kidonda. Apulize kipimo cha mtu mzima kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa kawaida mpulizo 1 au 2. Kisha abane tena dakika 10 mpaka 15 kwa saa. Damu isipokoma hapo, asipulize tena na tena. Dawa hii haiongezwi kama chumvi kwenye mchuzi. Anayehitaji zaidi ya hapo anahitaji hospitali.

Mtagundua kwamba pakiti inazungumza juu ya pua iliyoziba, na pengine haitaji damu hata mara moja. Kwa hivyo msingoje siku ya shida. Mwulizeni nesi wa zahanati au mfamasia mapema, kwa jina la mtu anayehusika: "Mume wangu ana umri huu, anatumia dawa hizi, je, akitokwa na damu anaweza kupuliziwa hii?" Swali kama hilo lina jibu. Swali la "hii dawa ni nzuri?" halina jibu la maana.

CHUPA TATU ZINAZOFANANA

Ukiingia kwa kemisti utaona chupa ndogo nyeupe za kupuliza zimepangwa kama ndugu wa mama mmoja. Si dawa moja.

Kuna hizo za kusinyaza mishipa. Kuna zenye maji ya chumvi peke yake, ambazo zinalainisha pua na hata mtoto huweza kutumia, lakini hazikati damu. Na kuna za mzio, za watu wanaopiga chafya mwaka mzima, zenye majina kama flutikasoni, mometasoni au beklometasoni. Hizi za mwisho hazikati damu kamwe. Tena kwa watu wengine ndizo zinazoleta damu ya puani, hasa mtu akiwa anapuliza akielekeza kwenye ukuta wa katikati. Kama unatumia moja ya hizo na umeanza kutokwa na damu, rudi kwa aliyekuandikia umwambie. Anaweza kukuonyesha namna ya kuelekeza ncha upande wa nje, upande wa sikio, au akakusimamishia kwa muda.

Usinunue kwa kutazama jina kubwa la kampuni. Kampuni moja huweza kutia jina lile lile kwenye chupa ya dawa na kwenye chupa ya maji ya chumvi. Soma maandishi madogo, au mpe kijana wako wa sekondari akusomee. Tazama tarehe ya kuisha. Na nunua kwenye duka lenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu iliyotundikwa ukutani, si kwa mtu anayetembeza dawa sokoni ndani ya kikapu pamoja na betri na sindano za kushonea.

NANI ASIPULIZIWE NA JIRANI

Wa kwanza ni mwenye presha. Dawa inayosinyaza mishipa ya pua huweza kuingia mwilini kidogo na kugusa mishipa mingine na moyo. Hospitalini daktari huweza kuamua kumpulizia hata mwenye presha, kwa sababu yuko pale anampima na kumwangalia. Wewe nyumbani huna mashine wala ujuzi huo.

Tena shida kubwa ni wale ambao hawajui kama wana presha. Katika ziara zetu tulikutana na mzee mmoja aliyetokwa na damu akiwa shambani. Duka moja la dawa likampa chupa bila kumwuliza umri wala ugonjwa. Alipuliza, damu ikapungua, akafurahi. Baada ya siku nne damu ikarudi, akapuliza tena. Alikaa hivyo karibu wiki tatu, akiisifu chupa kwa kila aliyekutana naye, mpaka binti yake alipompeleka zahanati kwa ajili ya kichwa kuuma. Presha ilikuwa juu sana, na yaonekana ilikuwa hivyo kwa muda mrefu. Sitaki mseme kwamba kila damu ya puani ni presha. Sivyo, vumbi letu peke yake linatosha. Lakini presha ikiwa juu, damu ikishaanza ni ngumu kukatika. Mtu wa miaka 40 na zaidi akitokwa na damu puani, hata kama imekoma yenyewe, apimwe ndani ya siku chache. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mikoba ya vifaa kwa wahudumu wa afya ya jamii nchini kote, na ndani yake mna mashine ya kupima presha. Mhudumu wa kijiji chenu ni jirani yenu. Mwalikeni mkutanoni.

Wengine wa kutopuliziwa mpaka wameuliza ni wenye ugonjwa wa moyo, wenye sukari, wenye ugonjwa wa tezi la shingo, wenye presha ya macho, wazee wanaosumbuliwa na tezi dume hata mkojo unawapa taabu, na wanaotumia dawa za mfadhaiko, maana baadhi yake hazipatani na dawa hii. Mama mjamzito na anayenyonyesha waulize kliniki kwanza. Mimba yenyewe huleta damu ya puani kwa kuwa mishipa imejaa, na mara nyingi si neno. Lakini ikija pamoja na kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au uso kuvimba, aende kliniki siku hiyo hiyo.

Wanaotumia dawa za kufanya damu isigande, kama warfarini, au aspirini ya kila siku, wao wabane na waende kituoni mapema zaidi kuliko wengine. Lakini wasiache dawa yao kwa uamuzi wao wenyewe. Dawa hiyo walipewa kwa sababu.

SIKU 3 TU

Yule mama aliyesema inaharibu pua hakukosea. Dawa hii ikitumika mfululizo zaidi ya siku 3, mishipa inaizoea. Nguvu ikiisha, mishipa inatanuka kupita ilivyokuwa mwanzo, pua inaziba vibaya kuliko mafua ya kwanza, na mtu anapuliza tena ili apumue. Hivyo hivyo mpaka anakuwa mtumwa wa chupa. Wako watu wanaolala nayo chini ya mto kwa miezi. Ngozi ya ndani inakauka, inakwaruzika, na damu iliyokuwa ikitafutiwa dawa inatoka zaidi.

Aliyefika hapo asione haya. Aende zahanati, watamwonyesha namna ya kuiacha, na pua itafunguka baada ya muda. Siku za kwanza ni ngumu, hasa usiku.

Kwa damu ya puani, kwa kweli hata hizo siku 3 ni nyingi. Mara nyingi inahitajika mara moja tu. Damu inayokuja kila siku inataka kuchunguzwa.

MTOTO NA CHUPA

Kwa mtoto, vidole. Mtoto mdogo wa chini ya miaka 6 asipuliziwe dawa hii bila daktari au mwuguzi kusema hivyo, na wa miaka 6 na zaidi apewe ile ya watoto kwa kipimo alichoandikiwa. Mketishe mapajani akiwa ameegemea kifua chako, mwinamishe mbele, mbane wewe, msimulie hadithi ndefu. Hadithi fupi haitoshi dakika 10.

Hatari nyingine ya mtoto si ya puani bali ya mdomoni. Mwezi Oktoba 2012 idara ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu dawa za kupuliza puani zenye oksimetazolini na matone fulani ya macho ya jamii hiyo. Walikuwa wamekusanya habari za watoto 96, wote wa miaka 5 au chini, waliokunywa dawa hizo kwa bahati mbaya tangu 1985. Hakuna aliyefariki, lakini 53 kati yao walilazwa hospitali. Kiasi cha mililita 1 au 2 tu kinatosha kumdhuru mtoto vibaya. Kijiko kidogo cha chai kinachukua mililita 5, kwa hivyo tunasema chini ya nusu ya kijiko hicho. Mtoto analegea, anasinzia kupita kawaida, mwili unapoa, moyo unapiga pole pole, na pumzi inapungua.

Kwa hivyo chupa haiwekwi dirishani, wala kwenye kikapu cha mboga, wala ndani ya mkoba ambao mtoto hupekua akitafuta peremende. Mtoto akiinywa, msimtapishe, msingoje dalili. Mchukueni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

SASA, SANDUKU LA KIKUNDI

Nitatoa maoni yangu na nyinyi mtaamua. Chupa sita kwa matumizi ya kila mtu, hapana. Ncha iliyoingia pua ya mmoja haifai kuingia pua ya mwingine, kwa kuwa inabeba kamasi na damu yake. Chupa moja ni ya mtu mmoja. Na sanduku likikaa kwa mwenye kiti, usiku wa manane mtu atakuja kuomba, atapewa kwa upendo, na hakuna atakayeuliza habari za presha.

Kama mna mwanachama ambaye ni nesi, au mhudumu wa afya aliyefundishwa, chupa moja iliyofungwa inaweza kukaa, yeye peke yake awe na ruhusa ya kuitoa, na ikishafunguliwa iwe ya mgonjwa huyo, jina lake na tarehe viandikwe juu. Kama hamna mtu kama huyo, pesa hizo zinunue glavu za kutosha, beseni dogo, taa ya mkononi, na mafuta ya Vaseline. Ndani ya kifuniko bandikeni karatasi yenye namba za simu za watu wawili wenye gari ambao wamekubali kuamshwa usiku. Mwanachama anayetokwa na damu mara kwa mara, kikundi kimchangie nauli akapimwe, na kama huko ataambiwa awe na chupa, awe nayo kwake.

Halafu fanyeni zoezi. Mwethya ulichimba mitaro ya mashamba yetu kwa sababu kila mtu alishika jembe, si kwa kusikiliza hotuba ya jembe. Mkutano ujao, kila mmoja abane pua yake mahali panapofaa, mwenye saa ahesabu dakika 10 kamili. Mtacheka, na mtashangaa jinsi zilivyo ndefu.

WAKATI WA KUTAFUTA GARI

Kutoka kwetu mpaka Hospitali ya Machakos Level 5 si karibu, na usiku matatu ni za kubahatisha. Kwa hivyo msingoje mwisho wa kila jambo. Mgonjwa akianza kubana mara ya pili, mtu mwingine awe tayari anapiga simu kutafuta gari. Damu ikikoma, mwenye gari mtamshukuru na kumrudisha kulala.

Damu isipokoma baada ya dakika 30 za kubana sawasawa, twendeni. Msimalize hata hizo dakika 30 ikiwa damu inamwagika kwa wingi, au inashuka kooni hata akiinama mbele (hiyo ndiyo damu ya nyuma tuliyotaja), au mgonjwa amepauka, anatoka jasho baridi na kuona kizunguzungu, au ameangukiwa na jiwe, amepigwa au ameanguka kichwa. Mtoto wa chini ya miaka 2 aangaliwe na daktari hata kama imekoma, kwa sababu umri huo si kawaida kutokwa na damu puani. Damu ya puani pamoja na ufizi kutoa damu au madoa mekundu na michubuko isiyo na sababu ni ya kupimwa damu haraka. Na mtoto anayetoa uchafu wenye harufu mbaya tundu moja tu, pengine ametia harage au punje ya mahindi. Msijaribu kuitoa kwa kijiti, itasukumwa ndani.

Njiani aendelee kuketi wima na kubana. Mwenye kizunguzungu asipakiwe nyuma ya bodaboda peke yake. Kama hakuna kingine, mtu wa tatu akae nyuma yake amshike.

ILI ISIRUDI

Damu ikikoma, siku hiyo asipenge kwa nguvu, asiiname kubeba mitungi ya maji wala magunia, asinywe chai ya moto sana. Kwa wiki moja au mbili apake Vaseline kidogo kwa kidole safi ndani ya mlango wa pua, asubuhi na jioni. Maji ya chumvi mnaweza kutengeneza nyumbani: nusu ya kijiko kidogo cha chai cha chumvi ndani ya vikombe 2 vya maji yaliyochemka na kupoa, matone machache kila tundu, na yanayobaki jioni yamwagwe. Kata watoto kucha. Wanaofanya kazi machimboni wafunge kitambaa chenye unyevu puani, au bora wapewe barakoa na mwenye machimbo, na jambo hilo kikundi kinaweza kulisema kwa sauti moja. Akina mama, hilo jiko la makaa litoeni nje ya chumba cha kulala. Moshi wake unadhuru mambo makubwa kuliko pua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chetu, mtu akitokwa na damu puani tunamfanyia nini sasa? Kila mmoja aeleze alivyofundishwa nyumbani kwao, bila kuchekwa.

2. Ni nani kati yetu wa miaka 40 na zaidi hajapimwa presha mwaka huu? Mhudumu wa afya aje lini, na tukutane kwa nani?

3. Kila mwanachama alete mkutano ujao chupa zote za kupuliza au za matone ya puani alizo nazo nyumbani. Tusome pamoja: ni ya aina gani kati ya zile tatu, imefunguliwa lini, imekwisha muda au la, na ilikuwa imewekwa wapi.

4. Gari la usiku litatoka kwa nani, na mafuta yake yatalipwa na mfuko gani?